Shingo ya Tsveta

Wiki nzima kabla Waholanzi hawajafika Kazanlak
dada yangu Tsveta alihutubia kabati la nguo
lenye kioo kilichobabuka pembeni,
nami nimekaa kitandani, hadhira ya mtu mmoja,
mwiko mkononi. Akikosea, nagonga chuma cha kitanda.

"Toa mikono mifukoni." Ngo!
"Usijikumbatie, hakuna baridi." Ngo!
"Unatazama viatu. Viatu havinunui mafuta ya waridi."

Akajifunza.
Miguu ikaacha kupapasa, ikashika sakafu.
Mabega yakashuka kutoka masikioni.
Vidole, vilivyozoea kuchuma kabla umande haujakauka,
vikapata kazi mpya hewani:
hapa bei ya mwaka jana, hapa ya mwaka huu,
na katikati, kiganja wazi, jasho la mama.
Hata kunyamaza alijifunza: kuhesabu mpaka tatu,
kuliacha neno litue.

Siku ikafika. Chumba cha ushirika kinanuka rangi mbichi.
Bwana Wouter, mrefu, na kalamu yake;
Bi Geertje, miwani juu ya nywele.
Dada akaongea Kijerumani cha shule, cha kuungaunga,
lakini mwili wake haukukosea sarufi.
Nikamwona Geertje anasogeza kiti mbele.
Nikaiona miguu ya Wouter, chini ya meza,
imeacha kuelekea mlangoni.

"Mtaweza kutupa kilo ishirini kabla ya Agosti?"

"Ndiyo," akasema Tsveta,
na kichwa kikaenda kushoto, kulia, kushoto,
kama vichwa vyetu vyote Bulgaria vinavyokubali
tangu utotoni.

Kalamu ikalala.
"Ndiyo?"
"Ndiyo!" Kushoto, kulia, kwa nguvu zaidi.
Kadiri alivyoapa ndivyo alivyokana.
Wiki nzima tulinyoosha mgongo, tulifuga mikono,
shingo hatukuikumbuka.

Mimi nyuma ya chumba, sina mwiko.
Nikagonga kiti kwa pete. Ngo.
Akasita. Akahesabu mpaka tatu.
Kisha akajishika mashavu kwa viganja viwili,
akakizuia kichwa kama mtu amzuiaye mbuzi mkaidi,
akasema, "Ndiyo,"
bila kutikisika,
na makovu ya miba ya miaka kumi na tisa
yakawa usoni pake, meupe, mbele yao.
Geertje ndiye aliyeanza kucheka.
Wouter akaiokota kalamu.

Jioni mama yuko jikoni, anamenya viazi.
"Wamenunua?"
Dada, mdomo umejaa mkate,
bado amevaa shingo ya Waholanzi,
akaitikia kwa kichwa: chini, juu, chini.

Mama akaweka kisu.
Akafuta mikono kwenye aproni, polepole,
kidole kimoja kimoja,
akamvuta kifuani.
"Basi, mwanangu," akasema.
"Waridi litachanua tena mwakani."