Daftari la Kumi na Saba

Leo ameniita dada.
Jana nilikuwa muuguzi. Juzi, mtu wa gesi
aliyekuja kusoma mita akachelewa kuondoka.
"Nimepanda cheo," nikamwambia,
akacheka kwa adabu, kicheko cha mbele ya wageni.

Nje, mtaa wetu wa Walkley umeinama vilevile:
mfuko ukikupasukia, machungwa
unayafuata mpaka kwenye reli za tramu.
Siku moja aliyafuata kweli, Shekue wangu,
umri miaka hamsini, viatu vya kiwandani,
akarudi na manne kati ya sita, anahema:
"Mawili yamehamia Hillsborough."
Hilo nalikumbuka peke yangu sasa.
Kukumbuka peke yako
ni zamu ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

Daktari alisema, msomee kitu alichokipenda.
Nikavuta sanduku chini ya kitanda.

Tulipokuwa Tanga kulikuwa na hadithi gazetini,
kila Jumamosi kipande: Mwinyimvua na Chausiku,
wapelelezi wawili, baiskeli moja.
Gazeti likafa. Wao wakabaki juu ya daraja,
kamba imekatika upande mmoja,
chini pameandikwa "itaendelea".
Haikuendelea.
Tukaiendeleza sisi, hapa Sheffield,
yeye mchana kwenye kiwanda cha visu,
mimi usiku hospitali, na ndoo, na deki.
Daftari lilikaa mezani, kando ya buli.
Alfajiri nilikuta sentensi yake imeachwa katikati
kama mlango ulioegeshwa kwa ajili ya mtu.

Miaka thelathini na moja, madaftari kumi na sita.
Tuliwavusha daraja. Tuliwapitisha kwenye theluji,
maana theluji ndiyo tuliyokuwa nayo dirishani.
Kuwaoza, alikataa katakata:
"Wakioana wataanza kuulizana nani kaacha taa."

Basi nikasoma.
"Chausiku akavuka mto kwa mashua –"
"Kwa mgongo wa Mwinyimvua," akanikatiza.
"Ana mguu mbovu yule. Wa kushoto."

Nikatazama tena. Daftari lilisema mashua.
Mguu wa kushoto ni wangu:
barafu kwenye ngazi za hospitali, Januari,
mabasi yamegoma,
naye akanibeba mgongoni kilima kizima
akiuliza kila baada ya nguzo ya taa
nimekula nini.

"Na huyo Chausiku," nikasema,
sauti nimeishika kama kikombe kilichojaa mno,
"yukoje?"
Akafumba macho.
"Anaalisha vidole akiwaza.
Maziwa huyanusa kwanza, hata ayanunue saa hiyo hiyo.
Mbishi. Ukimshinda kwa hoja, anakwenda kupiga deki."
"Mwinyimvua anampenda?"
"Hajamwambia."
"Miaka yote hiyo?"
Akafikiri, muda mrefu, mpaka redio ya jirani ikazimwa.
"Kila sura ilikuwa na mambo mengi."

Nilikwenda kupiga deki.
Sakafu ilikuwa safi.

Alasiri nikateremka dukani, nikanunua daftari,
la mistari, la bei rahisi, jalada la kijani.
Usiku nikaandika sentensi moja, nikaliweka kando ya buli
na penseli juu yake:
*Asubuhi Chausiku akaamka,
akamkuta Mwinyimvua hamtambui, naye*

Sikulala. Nilisikia sapatu zake saa tisa,
bomba la maji, kiti kikiburutwa,
kisha kimya kile cha mtu anayetafuta neno,
nami nakijua kimya kile.

Kulipokucha nikashuka.
Mwandiko unapanda na kushuka kama mtaa wetu:
*akasema, samahani dada, sikujui,
lakini kilima hiki kirefu na mguu wako mbovu.
Panda.*

Taa ya jikoni ilikuwa bado inawaka.
Sikumuuliza mtu.