Glavu ya Vidole Vinne

Siku ya saba, saa nane za usiku,
nafungua dirisha juu ya yai.
Ganda nimelikata kwa mkasi wa kucha,
duara dogo, upana wa kifungo cha koti.
Nje, mto Tisza umeganda kingoni,
taa za Szeged zimezama ukunguni,
na mimi, Etelka, mtumishi wa maabara mwaka wa ishirini na tisa,
napulizia vidole vyangu pumzi
kabla ya kugusa vya mwingine.

Kiinitete kimelala ubavu.
Jicho lake limezidi kichwa.
Mguu bado ni kasia,
nyama bapa, bila mwanya, bila ukucha.
Nadondosha rangi, tone moja jekundu,
ile inayowashika walio njiani kuondoka
na kuwapita wanaobaki.
Kisha nangoja. Bomba la sinki linavuja.
Nahesabu.

Hizi hapa.
Kati ya kidole na kidole, mistari ya wekundu.
Seli zinanywea, zinafunga virago,
kila moja inaukata urithi wake vipande vipande,
inavitia vifurushini,
na jirani anameza, haachi hata kombo.
Hakuna usaha. Hakuna homa.
Nakijua kifo kingine, kile cha kidonda,
kinachopasuka na kumwaga uchungu mlangoni kwa watu.
Hiki si hicho.
Hiki ni mgeni aliyeosha kikombe chake
ndipo akaaga.

Nani kaziita?
"Protini," husema Daktari Szilárd,
kama anayetaja karani wa posta.
Sawa. Lakini kuitwa ni kuitwa,
na hizi zimeitika.
Kufa kufaana:
zisingekwenda zilizo katikati,
vidole visingejua kuwa ni vidole.

Yai la pili ni la bata bukini, siku ya kumi.
Tone lile lile, kungoja kule kule.
Wekundu haba, ukingoni tu.
Katikati pamebaki peupe, utando mzima:
wito umezuiwa mlangoni,
na kwa kuzuiwa huko ndege huyu ataogelea.

Ödön, kaka yangu, alizaliwa shambani kwa bata hao hao,
mkono wa kushoto, vidole viwili chini ya ngozi moja.
Shuleni walimwita Bukini.
Mama hakusema neno. Alifuma glavu ya vidole vinne,
kimoja kipana kama mlango wa ghala,
na kila baridi ilipokuja alifuma kubwa zaidi.
Kwa mkono ule aliokota mayai,
sikumbuki akivunja hata moja.
Alipokuwa na miaka kumi na mmoja daktari wa upasuaji alitoa tarehe.
Ödön akajificha kwenye chumba cha manyoya
tukamtoa jioni, mweupe, anapiga chafya.

Miaka mingi baadaye nilimweleza, mezani,
kwa kalamu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
hapa zilipaswa kufa, zikakataa.
Akaangalia mchoro. Akaangalia mkono.
"Zimenikalia maisha yote," akasema,
"nawe ulitaka nizifukuze?"

Februari tulimzika.
Pafuni zilikuwepo nyingine
zilizosahau namna ya kuaga.
Sina neno kwa hizo.
Nimejaribu.

Glavu ya mwisho iko mfukoni mwa koti langu la kazi.
Nimeivaa sasa, kinyume cha kanuni za maabara.
Vidole vyangu viwili vimeingia chumba kimoja,
vinasukumana kidogo, kama watoto wa kitanda kimoja,
kisha vinatulia.
Na pale penye mwanya,
pale ambapo miaka hamsini na tatu iliyopita,
tumboni mwa mwanamke anayemenya viazi,
maelfu yaliniondokea bila kishindo,
nasikia joto.

Naivua. Nafunika dirisha la yai kwa utepe.
Daftarini, safu ya tatu, naandika:
wekundu, wa kutosha.