Januari ni ya Nani

Panyangara, darasa la nne, madawati yamesogezwa ukutani.
Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa siku,
na soda moja saa sita.

Kulia kwangu katibu wa ubalozi, Bi. Solveig,
viatu vyake vimeshachukua rangi ya udongo wetu.
Kushoto Okwii, wa shirika la visima,
shati limepauka mabegani kwa jua la barabarani.
Baina yao kiti kitupu, na juu ya kiti
mafaili mawili yasiyosalimiana.

Nje kuna visima viwili.
Hatua thelathini na moja toka hiki hadi kile, nimezihesabu.
Kimoja kina kibao chenye bendera,
kingine kibao chenye viganja vilivyoshikana.
Spana ya hiki haifungui kile.
Maji havitoi, vyote viwili,
ila vibao vimepakwa rangi mwaka huu.

Bi. Solveig alitamka neno zito: uratibu.
Nikalizungusha mdomoni kama kiazi cha moto,
sikuona pa kulitua.
Mwishowe nikawaambia akina mama kwa Kikaramoja:
wageni wanauliza kama maksai wao wawili
wanaweza kufungwa nira moja.
Kicheko kikapita dawati hadi dawati.
Nachap, fundi wa pampu, grisi mpaka kiwikoni,
hakucheka.
Waulize, akasema, Januari ni ya nani?

Nikatafsiri. Wakatazamana.
Nikatafsiri tena, polepole, nikidhani kosa ni langu.

Nachap akachukua chaki,
akachora ubaoni vijiti kumi na viwili.
Fedha ya bendera hufunga macho Desemba.
Fedha ya viganja huamka Aprili.
Akavizungushia duara vijiti vitatu vya katikati:
hapa ndipo mpira wa pampu hukatika,
hapa ng'ombe huondoka na vijana wetu,
hapa mimi nilimzika
Akaishia hapo. Nami nikaishia hapo,
kwa lugha zote mbili.

Okwii akakohoa.
Mabomba yangu yamelala Malaba, wiki ya kumi na moja,
yanalipiwa hata kulala,
kwa kukosa barua moja yenye mhuri.
Kampala nimebisha hadi vidole vimeota sugu.
Mikono ninayo. Mlango sina.

Mlango ninao mimi, akasema Bi. Solveig.
Lakini wakubwa wangu hawapendi kununua spana.
Wanapenda kukata utepe.

Na hilo nitafsiri? nikamuuliza.
Akatazama vile vijiti vitatu.
Tafsiri.

Hakuna aliyepiga makofi.
Nachap alimsogezea soda yake tu, haijafunguliwa,
na Bi. Solveig akatoka kutafuta mtandao
juu ya kichuguu nyuma ya choo cha shule,
simu kaiinua kama mtu anayeita mvua,
akitaja namba ya kontena, tarakimu kwa tarakimu,
akikosea, akirudia.

Sitasema kwamba maji yalifoka kesho yake.
Malori yalifika Januari tarehe ishirini na tisa,
mawili kati ya matatu.
Sanduku la spana sasa ni moja, zote zimo,
ufunguo uko shingoni mwa Nachap.
Vibao bado viwili.

Ripoti nazo zikaandikwa mbili. Nikapewa zote nizitafsiri,
na kila moja ilianza: Sisi tumefanikisha.
Kalamu ikakwama.
Maana lugha ya mama yangu ina sisi mbili:
sisi bila wewe unayesikiliza,
na sisi pamoja nawe.
Kiswahili hakikuniuliza kamwe. Kiingereza pia hakijali.

Nikaenda kumuuliza Nachap, yuko chini ya pampu,
nusu mwili, miguu tu nje.
Weka ipi?

Mimi sikuiandika, akajibu toka chini.
Waambie waje waseme wenyewe.
Na waje mapema,
Januari nyingine iko njiani.