Kwa Ketill, Kabla Hajashusha Mshipi

Kwanza zima hiyo redio.
Pili, funga kopo la chambo. Ruba wanatembea;
mwaka juzi nilimkuta mmoja ndani ya kiatu cha mjomba wako,
Jumapili, katikati ya mahubiri.

Ziwa la Winnipeg huku kusini lina rangi ya chai ya maziwa.
Usilidharau. Wolai hapendi maji maangavu:
jicho lake ni kioo, lina taa yake ndani,
na jua la mchana kwake ni mchanga machoni.
Kwa hiyo saa sita, wenye mashua za bei
wakibabuka migongo juu ya maji yaliyotulia,
sisi tunalala.

Tunatoka upepo ukishapiga ufuko mmoja tangu asubuhi.
Nenda ufuko unaopigwa, si ule unaopumzika.
Mawimbi yakivuruga maji, dagaa hupotea njia,
na anayewawinda yuko nyuma yao, chini kabisa,
pale changarawe inapokutana na tope.
Wanasema subira huvuta heri.
Subira mahali pasipo samaki, Ketill, huvuta mafua.
Nusu saa bila kitu, ng'oa nanga.

Risasi ndogo, ya rangi ya limau bivu.
Ruba mtunge kwenye kinyonyeo, aachwe acheze mwenyewe.
Shusha mpaka mshipi ulegee: umegusa sakafu.
Inua shibiri moja. Hesabu tatu. Rudisha.
Shibiri moja, nimesema;
humpungii mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kazi.
Samaki wengine hugonga mlango. Wolai hagongi.
Utahisi uzito kidogo tu,
kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi.
Mama yangu Gudlaug, wiki zake za mwisho kule Selkirk,
alikuwa akinibana kidole hivyo hivyo,
na mara mbili nilidhani ni shuka.
Usidhani ni shuka. Usidhani ni jani wala jiwe.
Inua ufito, kwa kifundo cha mkono, bila hasira.

Akifika, lowesha viganja kabla hujamshika.
Kifuniko cha matamvua ni wembe;
kovu hili hapa, tazama.
Wa kutoka kiwiko hadi kiganja ni wa kikaango:
unga, chumvi, siagi,
na usimwambie Sigrun siagi ilikuwa ya nani.
Lakini jike mnene, mzito kama mtoto aliyelala,
huyo mrudishe. Mshikilie tumbo ndani ya maji
mpaka mkia wenyewe ukuambie basi.

Nilimshikilia mmoja hivyo, jioni tuliyotoka makaburini.
Nilikuwa na njaa. Nilikuwa na haki pia, nadhani.
Nikamulika tochi, jicho likawaka jeupe,
likanitazama mimi, au taa, sijui.
Vidole vikafunguka.

Haya, jua limegusa misonobari. Shusha.

Redio bado inalia, Ketill.