Kikohozi cha Bavyaa

Mara ya kwanza nilicheka,
bibi harusi wa kutoka Singida,
matope ya Katumba yakininyonya kandambili.
Mavyaa akanishika mkono: "Ukisikia kikohozi,
ingia migombani. Mkamwana hamtazami mkwewe,
wala hamtaji jina. Nyumba hii bado tunashika."
Nikaingia. Majani yakanimwagia maji shingoni,
na mtu nisiyemjua akapita njiani
akikohoa mara mbili,
kama apigaye hodi kwenye mlango ulio wazi.

Miaka saba sasa.
Nakijua kikohozi, naijua fimbo ikigonga jiwe la uani,
nalijua koti lake la kijivu, maana nililifua
mwaka ule nina mimba ya Ipyana.
Uso siujui.

Safari hii baba yao hakupata likizo.
Nimekuja nao mwenyewe, Lugano wa miaka sita
na Ipyana anayemwita babu
kila mzee mwenye kofia tangu stendi ya Uyole.
Tumeshuka na mchele, miche miwili ya sabuni,
na blanketi la bavyaa ndani ya salfeti.
Kwetu mvua huombwa inyeshe,
hapa huombwa ipumzike.
Haikusubiri hata tuulizwe habari za safari.

Jikoni kuna moshi na mbalaga inayochemka,
na shangazi zao watatu, kila mmoja na swali lake:
mbona huyu amekonda, mbona huyu hasemi Kinyakyusa,
na wewe, huko kwenu hamli?
Lugano amejifunza neno moja njiani
na analitumia kwa kila kitu,
ndaga kwa chai, ndaga kwa kigoda,
ndaga kwa ndama aliyemlamba kiwiko.
Wanacheka mpaka moshi unawapalia.

Kisha kikohozi. Mara mbili.
Nageukia ukuta, nachochea kuni zisizohitaji kuchochewa.
"Nendeni mkamsalimie babu.
Mpeni blanketi. Mwambieni mama anasalimu."
"Kwa nini huendi mwenyewe?"
Shangazi zao wananyamaza, wananitazama.
"Moto utazima," nasema.
Wanatoka wameshikana mikono,
pembe ya blanketi ikiburuta matopeni.

Nakaa. Nahesabu matone ya ncha ya bati.
Nasikia sauti nene, maneno siyashiki,
halafu kicheko cha Ipyana,
kile cha kutekenywa.

Lugano anatangulia kurudi, maparachichi mawili kifuani.
"Mama, babu ana nywele masikioni!
Akicheka, jino moja linatoka peke yake.
Hapa," anagusa unyusi wangu, "ana kovu, kasema ng'ombe.
Na pua ni ya baba. Ile ile. Nimeishika."
Anaongea mbio, kidole chake cha masizi
kinachora juu ya shavu langu:
kunjo hili hapa, lingine hapa, hapana, chini kidogo,
mpaka nahisi mzee amekaa usoni mwangu,
ameazima nafasi.

"Na amesema nini?"
"Amesema kifungo."
"Kifungo gani?"
"Cha koti. Eti ulikishona wewe.
Kasema hakijang'oka mpaka leo.
Kasema nikwambie..." anafikiri, amesahau,
kisha uso unamng'aa, kumbe analijua,
"ndaga!"

Mavyaa anaipua chungu, hasemi kitu.
Nafuta macho kwa ncha ya kanga;
moshi wa kuni mbichi, kila mtu anauona.
Nje fimbo inagonga jiwe, inaondoka polepole.
Kikohozi. Mara moja tu.
Nasubiri cha pili. Hakiji.
Fimbo imesimama.

Nami nikakohoa.
"Moshi," nikawaambia shangazi zao.