Hodi ya Kioo

Zihalirwa seremala alipanda ngazi za Kadutu mpaka kibandani kwangu,
maranda ya mbao bado yamo nyweleni,
akailaza simu mezani kifudifudi
kama mtu anayeficha jeraha.

"Nilitaka tochi tu," alisema.
Umeme ulikuwa umekatika, mama yake anaita chumbani,
na tochi, kabla ya kuwaka, ikapiga hodi:
niyaone majina ya watu wako? Ruhusu.
Nisikie sauti? Ruhusu.
Nijue uliko? Nitume ujumbe? Ruhusu, ruhusu,
kwa Kifaransa, gizani, kwa kidole chenye gundi.
Nani husoma mlango wakati mama anaita?

Siku ya tatu shangazi yake wa Uvira alipokea ombi:
nimelazwa, nitumie dola kumi.
Akatuma. Alikopa kwanza, kisha akatuma.

"Lakini iliniuliza," anasema Zihalirwa, "na mimi nilijibu."
Hapo ndipo panapomuuma.
Mwizi wa dirishani huchukua na kwenda zake;
huyu alibisha kwa adabu,
akafunguliwa, akapewa kiti.

Nikamwonyesha kibanda changu chenyewe.
Tazama: mlango unaangalia barabara, una komeo,
anayekuja hupiga hodi.
Lakini nyuma tumeegemea mlima,
bati langu liko chini ya kizingiti cha Mama Nabintu,
akimwaga maji ya sahani najua kwamba wamekula sombe.
Naye anajua yangu.
Hajawahi kupiga hodi, miaka sita. Ya nini?
Hapiti mlangoni.

Kile kisanduku cha "Ruhusu" ni bawabu wa mlango.
Ukuta haujui.
Na mgeni akishaketi
hamuulizi tena anaandika nini juu ya magoti yake,
wala atampelekea nani.

Ana kazi, sikatai. Kuna usiku alinifanya nisite,
na kusita ni nusu ya kufuli.
Ila hodi ya kumi na moja haisikiki kama ya kwanza:
sikio huchoka, kidole hujifunza njia
kama mbuzi anayerudi zizini bila mchungaji.

Nikaifuta tochi. Nikazima ruhusa moja moja.
"Basi, imekwisha?"
Nikamwambia kweli, ingawa kweli hailipiwi:
ruhusa hurudi, majina hayarudi.
Mpigie shangazi. Kwa sauti yako, usimwandikie,
maana maandishi yako sasa yana watu wawili.

Hakuwa na pesa. Akaahidi kunitengenezea droo,
akapima meza kwa shubiri, akashuka ngazi.

Nikaigeukia simu yangu. Kioo kikawaka:
kitu fulani kilitaka jambo fulani, kwa heshima,
sikumbuki nini.
Kidole kilikuwa kimeshajibu.