Doa la Mawese

Mkaguzi aliliona kabla sijafunga daftari:
doa jekundu, pana kama kiganja,
limelala juu ya andalio la somo,
limemeza neno "hatua" na nusu ya "tathmini".
"Mwalimu Ndabita, hii nini?"

Hiyo ni Jumanne, mheshimiwa.
Darasa la Sita B, watoto tisini na mmoja,
madawati ishirini na mawili. Hesabu mwenyewe.

Jumatatu nilisema.
Nilisema dakika arobaini bila kumeza mate:
vimiminika, uzito, ujazo,
vumbi la chaki likanijaa kwenye kope.
Wakaandika. Hawa watoto wanajua kuandika,
hata kikohozi changu nadhani kimo daftarini.
Nikauliza: kipi kinaelea, mafuta au maji?
Wakaitikia wote: "Ndiyo, mwalimu!"

Jumanne nikabeba ndoo, vikombe vya plastiki kumi na vinne,
na lita moja ya mawese kwa mkopo
wa mama anayeuza kando ya njia ya Kasulu.
Mdomo nikaufunga kama duka siku ya msiba.
Nikawaachia.

Umewahi kusikia soko la Mwandiga likihamia darasani?
Mmoja kanywa. Wawili wakapigana.
Shati la Yolamu mpaka leo halijatakata.
Waliobaki walikoroga, wakakoroga hadi kengele ya kwanza,
wakicheka,
na kicheko chao hakikuwa na swali ndani.

Ila Butoyi,
yule wa alama sita kati ya hamsini,
anayekaa dirishani kuhesabu malori ya chumvi ya Uvinza,
hakukoroga.
Aliweka kikombe sakafuni, akasubiri,
kisha akaengua mafuta kwa kijiko cha bati
asichukue hata tone la maji.
Nani kakufundisha?
"Bibi. Tukichemsha chikichi
mafuta yanapanda yenyewe, mise zinabaki chini.
Ukiharakisha unapata tope."
Kwa nini yanapanda?
Akaitazama mikono yake kana kwamba imemficha kitu.
"Yanapanda tu, mwalimu."

Hapo ndipo nilipookota chaki.
Dakika saba, sikuzidisha.
Vichupa viwili vya dawa ya kikohozi, nikasema,
kimoja maji, kimoja mafuta, vijae sawasawa,
vining'inizwe huku na huku kwenye ufito.
Upande upi umeshuka?
Na maneno yale yale ya Jumatatu,
yaliyolala ubaoni kama dagaa wa juzi,
yakapata pa kukaa.
"Ujazo sawa, uzito mbali mbali,"
Butoyi akarudia polepole,
kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi.

Usiandike kwamba nimepata dawa.
Jumatano nilirudia kusema mno.
Alhamisi mawese yaliisha, deni likabaki.
Na wiki ijayo ni moyo na mapafu:
hayo nitawapa wayashike wapi?
Kila asubuhi napima upya,
kiasi gani niseme, kiasi gani ninyamaze,
na ufito wangu wakati mwingine unavunjika.

Mkaguzi akapitisha kidole juu ya doa, akakinusa.
"Lita siku hizi shilingi ngapi?"
Nikamtajia.
Akatikisa kichwa, akageuza kalamu,
akaandika mstari mmoja
kwa mkono wa kushoto,
kiganja chake kikiuficha.